Kusikiliza rekodi za piano: kutoka kwa Chopin hadi kwa watunzi waliosahauliwa

Wengi wanaotaka kuuingia muziki wa piano wa Ulaya huanzia pabaya. Mtu hufungua simu, hukuta mkusanyiko wa vipande mia vya "kutuliza akili", haelezwi nani kapiga, na nusu ya vipande vimenyofolewa katika kazi ndefu zaidi. Baada ya wiki mbili kila kitu kinasikika sawa na kingine, naye anakata shauri kwamba muziki huu haumhusu. Inaniuma kila ninapoona hivyo, maana sikio lake halikuwa na kasoro yoyote. Hakuonyeshwa tu mlango.

Mlango ninaoujua mimi ni kulinganisha. Kazi maarufu imerekodiwa mara nyingi, kwa hiyo unaweza kutenganisha alichokiandika mtunzi na alichokifanya mpigaji. Kazi isiyojulikana mara nyingi ina rekodi moja au mbili tu. Ikikuchosha, utajuaje kama aliyekuchosha ni mtunzi au ni mpigaji? Sikio lisilozoea kulinganisha haliwezi kujibu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na Chopin na Beethoven, kisha unakwenda kwa Field, Hummel, Fanny Hensel na Alkan, ambao ndio hasa walionifanya niandike.

Neno moja kuhusu zama. Klasiki hapa ni nusu ya pili ya karne ya 18 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 19: Haydn, Mozart, Clementi, Beethoven. Romantiki inafuata na kuijaza karne ya 19 yote, ikaingia kidogo katika ya 20: Chopin, Schumann, Liszt, Brahms, hadi Rachmaninoff. Schubert amesimama kizingitini.

Hatua ya 1: Tayarisha chombo

Kama unasikilizia sabufa ya sebuleni, punguza besi mpaka iwe chini ya ulivyozoea. Sabufa imetengenezwa ili ngoma na gitaa la besi vitikise dirisha. Ukiipa piano, mkono wa kushoto unageuka mngurumo na huwezi kuzitofautisha sauti zake. Spika za masikioni za bei ya kawaida zinatosha kabisa kuanzia, mradi kikuza besi kimezimwa.

Kwenye programu ya muziki zima mambo matatu: uchezaji wa kuchanganya nyimbo, mpangilio unaofifisha wimbo mmoja ndani ya unaofuata, na usawazishaji wa sauti. Hili la tatu watu hawalijui. Likifanya kazi kwa kila wimbo peke yake, linaipandisha sehemu ya kimya mpaka iwe na nguvu sawa na ile ya kishindo, na hapo umeporwa nusu ya muziki. Piano ilipata jina lake kwa sababu inaweza kulia kwa sauti ndogo na kulia kwa nguvu. Ndicho alichokitafuta Bartolomeo Cristofori kule Florence yapata mwaka 1700.

Ili kuweka kiasi sahihi cha sauti, usianze mwanzoni mwa kipande. Tafuta mahali penye kishindo kikubwa, rekebisha mpaka masikio yako yastahimili bila kuumia, halafu rudi mwanzo na usiguse tena, hata kama mwanzo unanong'ona.

Kuhusu bando: saa moja ya muziki kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban MB 58, na kwa kilobiti 320 takriban MB 144. Piano inafichua zaidi ubora wa chini kuliko bendi, kwa kuwa sauti ya noti moja huachwa ikififia peke yake, na mkia ule ndio unaotetemeka faili likibanwa mno. Ukipata Wi-Fi, pakua kwa ubora wa juu, usikilize baadaye bila intaneti.

Hatua ya 2: Tafuta kwa namba

Sonata nyingi, yaani kazi ndefu zenye sehemu kadhaa, hazina majina, zina namba. Op. ni namba ya uchapishaji, hutumika kwa wengi. K. ni orodha ya kazi za Mozart iliyotungwa na Ludwig von Köchel. D. ni ya Schubert, kazi ya Otto Erich Deutsch. Hob. ni ya Haydn, kutoka kwa Anthony van Hoboken. WoO ni kazi za Beethoven zisizo na namba ya Op.

Namba ya Op. haisemi daima kipi kilitangulia kutungwa. Nokturni (kipande cha piano chenye hali ya usiku) ya Chopin yenye Op. 72 ni kazi ya ujana wake, ila ilichapishwa akiwa amekwisha kufa.

Andika jina la mtunzi, namba, na jina la mpigaji: "Schubert D. 960 Richter". Usisahau mtunzi, kwani Op. 27 Na. 2 ni nokturni ya Chopin, na pia ni ile sonata ya Beethoven inayoitwa ya Mbalamwezi. Rekodi isiyotaja mpigaji iache. Na kwa kuwa programu hizi huiita kila sehemu ya sonata "wimbo", hakikisha sehemu zote zipo na zimepangwa inavyotakiwa. Niliwahi kuisikiliza D. 960 kwa miezi kadhaa ikiwa sehemu ya tatu imetangulia ya pili. Nilipoipata kwa mpangilio wake, ile sehemu ya tatu nyepesi ilinijia baada ya majonzi mazito ya sehemu ya pili, kama mtu anayefungua dirisha chumba cha msiba. Wepesi wake wote unategemea kilichotangulia.

Hatua ya 3: Kipande kimoja, mikono mitatu

Chukua nokturni ya Chopin, Op. 27 Na. 2, ya mwaka 1836. Haifiki dakika saba. Itafute kwa wapigaji watatu: Dinu Lipatti aliyeirekodi London mwaka 1947, Arthur Rubinstein wa miaka ya 1960, na Maria João Pires wa miaka ya 1990.

Siku ya kwanza sikiliza mkono wa kushoto tu. Aliyeimba besi kwenye kwaya atalielewa zoezi hili mara moja: unayaacha mahadhi yapite juu, unashika njia ya chini. Mkono huo unaanza peke yake, ukipanda na kushuka kama maji yanayopiga ubavu wa ngalawa, na hauachi mpaka karibu na mwisho. Mwanafunzi mmoja wa Chopin aliandika kwamba mwalimu wao alikuwa akiwaambia mkono wa kushoto ndio mwongoza kwaya. Jiulize kama kwa kila mpigaji mwongoza kwaya huyu ametulia au anayumba.

Siku ya pili fuata mkono wa kulia. Utausikia ukichelewa kidogo, ukifika baada ya kushoto, kisha ukikimbilia mahali pake. Msikilizaji wa taarab anaijua tabia hii: mwimbaji huvuta neno huku ala zikienda na mwendo wao, na hakuna anayesema amekosea. Kwenye piano mtu mmoja anayafanya yote mawili, na hapo ndipo wapigaji wanapotofautiana hasa. Lipatti anachelewesha kidogo sana, na ule mstari wa wimbo haukatiki. Rubinstein anaimba waziwazi kama mtu mzima asiye na haja ya kukubembeleza. Pires anakwenda mbali zaidi katika kivuli; mahali pa sauti ndogo anaifanya iwe ndogo kwelikweli.

Siku ya tatu hesabu marejeo. Lahani ile ya mwanzo inarudi mara mbili, na kila ikirudi imepambwa kwa namna nyingine. Sikiliza kama mpigaji analeta habari mpya inaporudi au anairudia tu. Mwishoni kabisa mkono wa kulia unapanda kwa sauti mbili mbili mpaka juu kabisa na kuishia hapo. Mpigaji anayeharakisha ngazi ile ameniudhi, hata kama yote yaliyotangulia yalikuwa mazuri.

Fanya hivi kwa vipande vitatu au vinne kabla hujaendelea. Usiruke hatua hii.

Hatua ya 4: Zoea rekodi za zamani

Kuna watu wanaokataa chochote chenye mikwaruzo, na wanajinyima mambo makubwa. Kabla ya 1925 sauti ilinaswa kwa pembe, bila maikrofoni. Baada ya hapo umeme uliingia na piano ikaanza kusikika kama piano. Lakini upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na kidogo tu, hivyo sonata ndefu ilikatwa vipande, mpigaji akisimama na kuanza tena. Ni vyombo vya aina hiyo hiyo vilivyomnasa Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na ni kwa kampuni ile ile ya santuri, HMV, ndipo Artur Schnabel, kati ya 1932 na 1935 huko London, alipokuwa mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven. Aliyekulia kwenye nyumba yenye santuri za zamani za taarab tayari ana sikio la Schnabel.

Schnabel anakosea noti. Katika Op. 106 anaishika kasi ambayo Beethoven aliiandika, vidole vinashindwa mahali fulani, naye hapunguzi. Mwanzoni utaona ni uzembe. Rudia, utasikia mtu aliyekubali kuchafuka kwa ajili ya kile anachokiamini.

Mpe sikio lako dakika kumi na mikwaruzo itarudi nyuma yenyewe, kama kelele ya mvua juu ya bati wakati wa mazungumzo. Ukikuta matoleo mawili ya rekodi ile ile, moja lenye mikwaruzo na jingine lililosafishwa hadi kimya, chagua lenye mikwaruzo. Anayefuta mikwaruzo yote hufuta na mkia wa noti.

Halafu, siku yenye utulivu, sikiliza Lipatti akipiga Besançon, Ufaransa, tarehe 16 Septemba 1950. Alikuwa mgonjwa sana. Alikusudia kupiga walzi 14 za Chopin, vipande vya mwendo wa dansi, akapiga 13, nguvu zikamwishia. Alifariki Desemba mwaka ule ule akiwa na miaka 33. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hakuna kinachosikika kama kuaga. Zinacheza.

Hatua ya 5: Sikiliza piano ya enzi ile

Piano aliyoijua Mozart ilikuwa na oktava tano, fremu ya mbao, na nyuzi nyembamba. Sauti yake ni kavu, inakufa haraka. Chukua sehemu ya kwanza ya Sonata ya Mbalamwezi, iliyochapishwa 1802. Beethoven ameagiza ipigwe yote huku vizuia sauti vimeinuliwa juu ya nyuzi. Kwenye piano ya leo agizo hilo likifuatwa neno kwa neno, sauti zinarundikana kama moshi jikoni, kwa hiyo wapigaji hubadilisha pedali, kanyagio linaloinua vizuia hivyo, mara kwa mara. Kwenye chombo cha zamani noti inafifia kabla haijaigombanisha inayofuata. Msikilize Wilhelm Kempff wa 1965 kwa piano ya kisasa, kisha Ronald Brautigam kwa nakala ya piano ya kale. Baada ya hapo agizo la Beethoven halitakushangaza tena.

Kwa Haydn na Clementi chombo hicho kinasaidia zaidi kuliko kwa mwingine yeyote. Sonata zao kwenye piano kubwa ya leo huweza kuonekana kama nguo pana mno.

Hatua ya 6: Fuata ukoo

Sasa tunafika kwenye watunzi wasiojulikana. Usiwatafute kwa kuokoteza. Shika mtunzi unayempenda, uliza nani alimfundisha, nani alikuwa jirani yake, nani alikuwa dada yake.

Kutoka kwa Chopin nenda kwa John Field. Alizaliwa Dublin mwaka 1782, akawa mwanagenzi wa Clementi huko London. Clementi alikuwa na biashara ya piano, na kijana ndiye aliyezipiga ili wateja wasikie. Mwaka 1802 walisafiri pamoja, wakafika Urusi, Field akabaki huko; alifia Moscow 1837. Yeye ndiye aliyeanzisha kipande kiitwacho nokturni. Zake tatu za kwanza zilichapishwa 1812, Chopin akiwa mtoto wa miaka miwili. Anza na ile ya tano, fupi sana, kwa John O'Conor au Elizabeth Joy Roe. Usimdharau kwa kuwa hana dhoruba ya katikati kama Chopin. Amechagua kubaki kwenye utulivu, na utulivu huo ukipigwa vizuri unatosha. Karibu naye yupo Maria Szymanowska wa Warsaw, aliyetangulia pia kuandika nokturni kabla ya Chopin.

Kutoka kwa Mozart nenda kwa Johann Nepomuk Hummel, ambaye utotoni aliishi nyumbani kwa Mozart kama mwanafunzi. Tafuta Sonata Op. 81 ya 1819 kwa Stephen Hough. Hapo utasikia Klasiki ikipasuka na Romantiki ikichungulia. Kisha msikilize Hough huyo huyo katika koncheto ya Hummel, Op. 85, piano na okestra; ukiijua koncheto ya Chopin ya Op. 11, utatambua Chopin alikuwa anamsikiliza nani.

Kutoka kwa Felix Mendelssohn nenda kwa dada yake, Fanny Hensel. Hapa naomba utulie. Mwaka 1841, baada ya kurudi kutoka safari ya Italia, alitunga Das Jahr, yaani Mwaka: kipande kwa kila mwezi, na cha kumalizia. Machi ina wimbo wa Pasaka. Desemba inaanza na theluji inayoruka vidoleni, kisha unaingia wimbo wa Krismasi wa Martin Luther, polepole, kama watu wanaoingia kanisani mmoja mmoja. Ni karibu saa nzima ya muziki wenye mawazo mapana, na haikuchapishwa hadi mwishoni mwa karne ya 20. Alikufa 1847 akiwa na miaka 41. Lauma Skride ameirekodi yote. Usiisikilize yote kwa mkupuo mara ya kwanza. Sikiliza mwezi mmoja kila jioni.

Kutoka kwa Liszt nenda kwa Charles-Valentin Alkan wa Paris, aliyewahi kuwa jirani wa Chopin. Watu watakupeleka moja kwa moja kwenye Koncheto yake ya piano peke yake, ndani ya Op. 39 ya 1857, ambapo mpigaji mmoja anakuwa yeye na okestra nzima. Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia nusu saa. Marc-André Hamelin ameirekodi kwa namna ambayo bado sijui vidole vinawezaje. Lakini usianzie hapo. Anza na Op. 63, vipande vidogo 48, vingine havifiki dakika moja, kwa Steven Osborne. Utamjua mtu kabla ya kuujua mlima wake.

Kwa Rachmaninoff kuna rafiki yake Nikolai Medtner, ambaye uzeeni, akiishi London, alirekodi kazi zake mwenyewe kwa fedha za Maharaja wa Mysore.

Na kutoka kwa Dvořák na Grieg nenda kwa Samuel Coleridge-Taylor wa Uingereza, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1905 alitoa vipande 24 vya piano, akieleza kwamba anataka kuzifanyia nyimbo za watu Weusi kile ambacho Brahms aliwafanyia Wahungari, Dvořák Wabohemia na Grieg Wanorwe. Vipande saba vya kwanza vimejengwa juu ya mahadhi ya Kiafrika, manne kati yake kutoka kusini-mashariki mwa bara. Sikiliza jinsi anavyoweka kwanza lahani yenyewe, kisha anavyoondoka nayo.

Hatua ya 7: Fuata na lebo

Lebo ni kampuni inayotoa rekodi. Hyperion ya Uingereza ilianza mwaka 1991 mfululizo wa koncheto za Romantiki, wa kwanza ukiwa na Moszkowski na Paderewski kwa mikono ya Piers Lane, na sasa umepita juzuu 80. Kwa lebo hiyo hiyo Leslie Howard alirekodi muziki wote wa Liszt wa piano peke yake, sidii 99. Kwa miaka mingi Hyperion haikupatikana kwenye programu za kusikilizia. Tangu 2023 ilianza kuingizwa, kwa hiyo kama uliwahi kutafuta ukakosa, tafuta tena. Naxos, iliyoanza Hong Kong 1987, ndiyo njia nyingine: bei nafuu, na watunzi ambao wengine hawawagusi.

Hatua ya 8: Pima rekodi iliyo peke yake

Umeipata kazi isiyojulikana, rekodi ni moja, na imekuchosha. Mtafute mpigaji yule yule katika kazi unayoijua vizuri. Kama na kwa Chopin mkono wake wa kushoto ni mzito na marejeo yote yanafanana, usimhukumu mtunzi. Msubiri mpigaji mwingine. Kama kwa Chopin anapumua vizuri, basi mpe mtunzi nafasi mbili zaidi, halafu uwe huru kumwacha.

Nota husaidia hata kwa asiyezisoma vizuri. Tovuti ya IMSLP imezikusanya bure tangu 2006. Tazama tu umbo: wapi ukurasa umejaa weusi, wapi ni mweupe, wapi kuna nukta mbili za kurudia. Katika sehemu ya kwanza ya D. 960 Schubert ameandika vipimo tisa vya muziki ambavyo havisikiki kabisa mpigaji asiporudia. Brendel aliviruka, Richter alivipiga. Ndani yake ule mtetemo wa chini kabisa, unaonong'ona mwanzoni, unakuja kwa nguvu ya kutisha. Mimi niko na Richter.

Hatua ya 9: Weka daftari

Tarehe, mtunzi, namba, mpigaji, na jambo moja ulilolisikia. Jambo moja tu, la sikio, si sifa. "Nzuri sana" haitakusaidia baada ya mwaka. La kwangu la mwisho linasema hivi: Hensel, Das Jahr, Desemba, Skride. Wimbo wa Krismasi ulipoingia, mkono wa kushoto ulikuwa tayari unaungoja.